Gazeti la Michezo na Usimulizi wa Pili: Kutoka Kisii hadi *The National*

Shabiki wa Shabana wa miaka ya 1980, awe Kisii mjini au Nyamira, aghalabu aliyajua matokeo kabla ya kulifungua gazeti. Sauti ya Kenya ilikuwa imekwisha kuutangaza mchezo redioni, pengine kwa kinywa cha Leonard Mambo Mbotela mwenyewe. *Taifa Leo*, lililochapwa Nairobi, lilimfikia baada ya safari ndefu ya barabara. Hata hivyo alilinunua. Alitaka kusimuliwa upya, kama hadhira ya ngano inavyoujua mwisho wa hila za Sungura na bado ikamtegea fanani sikio. Uhakiki wetu umeupuuza mno utanzu huu, kwa kuudhania kuwa ni habari tu.

Je, usimulizi huo wa pili waweza kulibeba gazeti zima kila siku? Swali hili lilijaribiwa kwa gharama kubwa nchini Marekani. *The National* lilizinduliwa tarehe 31 Januari 1990, mhariri wake akiwa Frank Deford, bingwa wa makala za michezo, na mfadhili wake Emilio Azcárraga, tajiri wa televisheni wa Meksiko. Toleo la New York lilimweka Patrick Ewing ukurasa wa mbele, la Chicago Michael Jordan, la Los Angeles Magic Johnson. Kila mji na shujaa wake. Ndani mlikuwa na makala marefu yaliyomchora mchezaji kama mhusika wa riwaya, na hapo ndipo ulipokuwa ubora wake.

Udhaifu ulikuwa katika usambazaji. Lilitegemea mtandao wa *The Wall Street Journal*, gazeti la biashara, hivyo kurasa zilifungwa mapema na matokeo mengi ya usiku yakakosekana asubuhi. Fanani aweza kuchelewa. Kuukata mwisho wa hadithi hasamehewi. Bei ilipanda kutoka senti 50 hadi 75, wasomaji milioni moja waliolengwa hawakupatikana, na tarehe 13 Juni 1991 likatoka toleo la mwisho. Hasara ilikuwa takriban dola milioni 150.

*Taifa Leo* halikuitwika michezo mzigo huo. Mpira ulikaa humo pamoja na siasa, barua na mashairi, na shabiki wa Nyamira aliyelinunua kwa ajili ya Shabana aliyapata yote hayo kwa bei moja.