Nasaba ya Usaili wa Chuo

Kijana aombaye nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu mashuhuri vya Marekani, akisha kupeleka alama zake, insha zake na barua za walimu wake, aghalabu huletewa ujumbe kwamba mhitimu wa zamani wa chuo hicho, mkazi wa mji uleule au wa jirani, angependa kuonana naye kwa muda usiozidi saa moja, na kwamba kuitika ni hiari yake. Hapo nyumba nzima huingia mashaurini: baba huona kwamba asiyekwenda atadhaniwa hana haja, mama huchelea mwanawe mwenye haya asije akayaharibu kwa ulimi aliyoyatengeneza kwa kalamu, na kijana mwenyewe hujiuliza ni hiari gani hiyo itolewayo na mwenye kuhukumu. Shaka yao si ya bure, kwa maana usaili huo ulipozaliwa haukuwa wa hiari, wala haukuwa wa wema.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vikubwa vya mashariki ya Marekani vilipokea wanafunzi kwa mtihani, na aliyefuzu, awe mwana wa tajiri wa Boston au wa mshona nguo wa New York, alikuwa amepata njia. Mtihani huo ulikuwa na kasoro zake, mojawapo ni kuwa ulidai Kilatini ambacho hakikufundishwa kila shule, walakini ulikuwa na fadhila moja kubwa: haukuuliza baba yako ni nani. Watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki walifuzu kwa wingi, hata ikakadiriwa kwamba katika chuo cha Columbia, kilichomo ndani ya New York yenyewe, walikuwa wapata asilimia 40 ya wanafunzi. Na wakuu wa chuo, chini ya Rais Nicholas Murray Butler, wakaingiwa na hofu kwamba wana wa koo kongwe watakimbilia kwingine.

Dawa yao ilikuwa karatasi. Fomu mpya ya maombi ya mwaka 1919 ilimtaka kijana ataje dini yake na habari za wazazi wake, aambatishe picha yake, kisha aje asailiwe. Hapana kanuni iliyomtaja Myahudi. Palikuwa na maswali tu, na afisa nyuma ya meza akiutazama uso, akiisikiliza lafudhi, kisha akiandika hukumu juu ya tabia ya mtu aliyemjua kwa dakika chache. Haikupita miaka mingi ile sehemu ya Wayahudi ikashuka hata ikakaribia nusu ya ilivyokuwa.

Huko Harvard Rais A. Lawrence Lowell hakuificha nia yake, bali mwaka 1922 alitaka kiwekwe kikomo cha Wayahudi waziwazi. Zogo likazuka, na shauri lake likakataliwa. Lakini kufikia mwaka 1926 chuo kilikuwa kimeamua kutopokea zaidi ya wanafunzi wapya 1,000 kwa mwaka, kikidai picha na kuwapa maafisa wake uhuru mpana wa kupima tabia, basi alichonyimwa mlangoni akakipata dirishani. Dartmouth nacho, katika miaka hiyohiyo, kiliwatwika wahitimu wake kazi ya kuwaona waombaji mijini mwao, desturi ambayo vyuo vingine viliishika pia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili waombaji waliongezeka kupita kiasi, na kwa kuwa maafisa hawakuweza kuonana nao wote, wala wahitimu hawakuwako kila mji, ilikuwa dhuluma kumlazimisha mtu jambo asiloweza kulipata. Uzito wa usaili ukapungua hivyo, si kwa toba. Nami naona ajabu katika kesi dhidi ya Harvard, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, juu ya waombaji Wamarekani wenye asili ya Asia: takwimu zilizoletwa mahakamani zilionyesha kwamba wahitimu walioonana na vijana hao waliwapa sifa za nafsi zilizokaribiana na za wenzao weupe, ilhali maafisa, ambao wengi wao hawakuwaona kabisa, waliwapa pungufu. Chombo kilichoundwa ili uso umponze mtu, safari hii kilimfaa.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba aitwaye aende. Katika vyuo vingi msaili hana alama za kijana mbele yake, basi kumkariria alama hizo si kosa, ila hufuja muda. Afadhali kijana awe na mambo mawili matatu anayoyapenda kwa dhati na awezayo kuyasimulia kwa mifano, aeleze kwa nini chuo hiki na si kingine, na awe na maswali ambayo majibu yake hayamo katika tovuti. Asihifadhi majibu kwa moyo, kwa maana msaili aliyekwisha kuwasikia wengi huyatambua mara moja. Suti haihitajiki, mkutano wenyewe mara nyingi huwa mkahawani au maktabani, na kwa mwombaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda ukawa kwa video. Msaili hupeleka ripoti fupi, nayo hutiwa katika faili pamoja na mengine. Na ambaye hakuitwa kwa kukosekana mhitimu wa kumsaili, faili lake husomwa bila ripoti hiyo, wala vyuo havimhesabii kosa.