Alaska: Nyika ya theluji yasimuliwa na wenyewe

Kwa muda mrefu, msomaji aliyetaka kujua maisha ya Alaska alitegemea vitabu vya wageni. Aghalabu wageni hao walikaa huko msimu mmoja au miwili, wakarudi makwao na kuandika kuhusu ardhi tupu, baridi kali na mwanamume anayepambana na maumbile akiwa peke yake. Tangu miaka ya 1990, hata hivyo, waandishi waliozaliwa au kukulia huko wamechapisha vitabu vinavyotoa picha tofauti: nyika hiyo si tupu, bali ni makazi ya watu.

Alaska ndilo jimbo kubwa zaidi la Marekani. Eneo lake la takriban kilomita mraba milioni 1.7 linakaribia mara tatu ya ukubwa wa Kenya, ilhali sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 733,391 pekee. Marekani iliinunua kutoka kwa Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Vijiji vingi havina barabara ya kuviunganisha na miji, hivyo wakazi hutegemea ndege ndogo, mashua na pikipiki za thelujini.

Aliyelipa eneo la kaskazini sifa duniani ni Jack London. Mwaka 1897 alikwenda Klondike, upande wa Kanada, kutafuta dhahabu, akaondoka mwaka uliofuata akiugua kiseyeye. Riwaya yake, The Call of the Wild, ilitoka mwaka 1903.

Sifa hiyo imeponza baadhi ya wasomaji. Mwaka 1992 kijana Chris McCandless, aliyevutiwa na maandishi ya London, aliingia msituni karibu na mbuga ya Denali akiwa na chakula kidogo, akafia ndani ya basi kuukuu. Jon Krakauer alisimulia kisa hicho katika Into the Wild mwaka 1996. Ingawa mwandishi hakuficha makosa ya kijana huyo, mashabiki wengi walifunga safari kulitazama basi hilo. Wawili walikufa maji katika mto ulio njiani, mmoja mwaka 2010 na mwingine mwaka 2019. Mnamo Juni 2020 basi hilo liliondolewa kwa helikopta ya jeshi.

Vitabu vya wenyeji huitazama hatari hiyo kwa jicho jingine. Velma Wallis, aliyezaliwa mwaka 1960 katika jamii ya Wagwich'in eneo la Fort Yukon, aliacha shule akiwa msichana mdogo ili kuwalea nduguze baada ya babao kufariki. Mwaka 1993 alichapisha Two Old Women, hadithi aliyopokea kutoka kwa mamake. Katika majira ya njaa, kundi la wahamaji linawaacha nyuma ajuza wawili, Ch'idzigyaak mwenye miaka 80 na Sa' mwenye miaka 75. Badala ya kungoja kifo, wawili hao wanazikumbuka stadi za ujana wao, wanatega sungura, wanavua samaki na kuweka akiba. Kundi linaporudi likiwa limedhoofika, ajuza hao ndio wenye chakula.

Baadhi ya viongozi wa jamii za wenyeji walipinga kuchapishwa kwa hadithi hiyo wakihofia kwamba ingewaaibisha. Hata hivyo, kitabu kilipendwa na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Somo lake ni kinyume cha kisa cha basi: kinachomwokoa mtu thelujini ni maarifa aliyorithi na watu alio nao, wala si ushujaa wa kujitenga. Wallis alirejea mwaka 2002 na Raising Ourselves, ambamo anaeleza bila kuficha jinsi maradhi na ulevi vilivyoivuruga jamii yake.

Naye William Iggiagruk Hensley, Minyupiaki aliyezaliwa mwaka 1941 mjini Kotzebue, aliandika Fifty Miles from Tomorrow mwaka 2009. Hensley alikuwa miongoni mwa vijana walioongoza madai ya ardhi yaliyozaa sheria ya mwaka 1971, ambayo iliwapa wenyeji wa asili ekari milioni 44 na karibu dola bilioni moja. Katika kitabu chake, ardhi ambayo wageni waliiita tupu ina wenyewe, na wenyewe wanajua mipaka ya malisho na mito yao.

Seth Kantner, Mzungu aliyezaliwa mwaka 1965 na kulelewa katika nyumba ya udongo na nyasi kaskazini mwa Alaska, anaonyesha utata zaidi. Shujaa wa riwaya yake, Ordinary Wolves ya mwaka 2004, ni mtoto wa Kizungu anayeishi kwa uwindaji huku majirani wake Wanyupiaki wakinunua mashine za kisasa. Mwaka 2021 Kantner alitoa A Thousand Trails Home, kuhusu kulungu wa Aktiki wanaotegemewa kwa kitoweo. Kundi la magharibi mwa Aktiki, lililokuwa na wanyama wapatao 490,000 mwaka 2003, lilikadiriwa kuwa na wapatao 152,000 mwaka 2023.

Eowyn Ivey, aliyekulia Alaska na kufanya kazi katika duka la vitabu, alifikia fainali ya tuzo ya Pulitzer mwaka 2013 kwa riwaya yake The Snow Child, na mwaka 2025 akachapisha Black Woods, Blue Sky.

Lipo jambo moja ambalo vitabu hivi havijalitatua. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Msemaji wa mwisho wa lugha ya Eyak, Marie Smith Jones, alifariki Januari 2008. Mwaka 2014 jimbo liliziidhinisha lugha 20 za wenyeji kuwa rasmi, lakini nyingi kati yake zimebaki na wasemaji wachache walio wazee. Hadithi ya ajuza wawili ilinusurika kwa sababu mama aliisimulia na binti akaiandika. Nyingine bado zimo vinywani mwa wazee, na wazee hao wanapungua kila mwaka.