Mchanga wa Kwale na umri wa bara lililovunjika

Juzi fundi alikuwa akinibandikia vigae chooni, akaniuliza weupe ule hutiwa na nini. Nikamjibu: huenda ni mchanga wa Kwale. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha.

Si mzaha. Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, mchanga wa Maumba na Nguluku ulichujwa, ukatolewa madini matatu, yakapakiwa melini Mombasa: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Zirkoni ndiyo isagwayo kutia weupe vigae na vyombo vya udongo. Sisi tuliijua kwa bei na kwa malalamiko ya fidia. Wanajiolojia wanaijua kwa jambo jingine: punje yake ni saa.

Mwamba ulioyeyuka unapopoa, punje ya zirkoni hujijenga na kuruhusu atomu chache za urani ziingie ndani yake. Risasi, ile ile ya chubwi za wavuvi wetu, huikataa karibu yote. Lakini urani haitulii. Kidogo kidogo hugeuka kuwa risasi, kwa mwendo usiobadilishwa na joto la mwamba wala baridi. Basi risasi utakayoikuta ndani leo imezaliwa humo humo, na ukiipima pamoja na urani iliyobaki unapata umri. Tena urani ni ya aina mbili. Ya kwanza nusu yake hugeuka kwa miaka bilioni 4.47, ya pili kwa miaka milioni 704. Kwa hivyo kila punje ina saa mbili zinazosahihishana. Zisipopatana, mpimaji hujua huenda kuna risasi iliyovuja.

Punje hii ni sugu ajabu. Mwamba uliyoizaa huliwa na mvua, yenyewe ikabaki, ikabebwa na mito. Kule Jack Hills, Australia, zimepatikana za miaka bilioni 4.4, ndani ya mwamba ulio mdogo kwao kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Sasa, mabara mawili yaligongana lini? Hapa zirkoni hutoa zaidi ya tarehe moja. Miamba ikifinywa na kupata joto kali, punje ya zamani huota ganda jipya juu ya kiini chake. Ukiikata na kuipiga picha unaliona, mfano wa miviringo ya shina la mti. Mwale wa leza mwembamba kuliko unywele hupima kiini peke yake, na ganda peke yake. Kiini husema mwamba ulizaliwa lini, ganda husema ulifinywa lini. Kisha hutafutwa mawe ya matale yaliyopenya baada ya msukosuko, yasiyo na dalili ya kufinywa. Umri wao huonyesha kwamba mgongano hapo ulikuwa umekwisha.

Kwa njia hii umejulikana umri wa milima iliyokuwa kwetu. Arthur Holmes, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupima mawe kwa urani na risasi, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, akarudi na malaria. Mwaka 1951 akaupa jina Ukanda wa Msumbiji, unaopita Tanzania na Kenya kuelekea Ethiopia. Ukipanda kutoka Mombasa ukafika Maungu na Voi, umeshauingia. Milima ya Taita ni mabaki yake. Magamba ya zirkoni kwenye ukanda huu mengi yana umri wa kati ya miaka milioni 650 na 550. Huo ndio wakati bahari iliyokuwa katikati ilipofungika na Gondwana ikaungana: Afrika, Amerika ya Kusini, Madagascar, Bara Hindi, Australia na Antaktika. Wapo wanaosema ni mgongano mmoja mrefu, wengine wanasema ni miwili, wa kusini ukichelewa. Mimi naona hoja ya miwili ina nguvu, maana tarehe za kusini ni changa zaidi.

Gondwana ilianza kupasuka yapata miaka milioni 180 iliyopita. Madagascar, iliyokuwa imeegemea pwani yetu na ya Somalia, ikasukumwa kusini. Milima nayo ikaliwa na mvua, mchanga wake ukawa mawe ya Duruma, nayo yakaliwa tena, upepo ukarundika vilima vya mchanga vya Kwale.

Fundi alisikiliza yote haya, kisha akauliza kama kuna kilichobaki. Kipo, maana mchanga wenye punje hizi hautokani na kilima kimoja tu. Ila hizo zilizopakiwa melini zilipimwa kwa tani, si kwa umri. Natamani shule zetu za Kwale zingewekewa japo chupa moja, na mwalimu wa kuieleza.