Motokaa Zisizo na Dereva

Msomaji, huenda siku moja wewe na wenzako mtapewa kazi ya kuunda roboti ya kushindana na shule nyingine. Kabla hamjachora hata gurudumu moja, yafaa mjue yaliyowapata waliotangulia.

Tarehe 13 Machi, 2004, motokaa 15 zisizo na dereva zilikuwa zimefuzu kushindana katika jangwa la Mojave, nchini Marekani. DARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, iliahidi dola milioni 1 kwa chombo kitakachotangulia kumaliza safari ya maili zaidi ya 140, kikijiongoza chenyewe. Hakuna hata kimoja kilichomaliza. Sandstorm, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ndiyo iliyofika mbali, nayo ilinasa penye kona kali baada ya maili 7 na kitu. Ilikuwa imepinduka katika majaribio siku chache kabla, na muda wa kuijaribu ukaliwa na matengenezo. Motokaa ya shule ya sekondari ya Palos Verdes iligonga ukuta pale pale pa kuanzia. Pikipiki ya wanafunzi wa Berkeley ilianguka mara ilipoachiliwa, kwa kuwa mtu alisahau kuwasha mtambo wa kuizuia isianguke.

Usicheke. Wengi watasema hilo ni kosa la msahaulifu. Mimi naona ni kosa la mchoro. Chombo kinachotegemea mtu mmoja akumbuke swichi moja, saa ya kelele na hofu, kimekwisha kuanguka kingali karatasini. Kingeweza kuchorwa kisiondoke kabisa mpaka swichi hiyo iwashwe.

Mashindano yalirudiwa tarehe 8 Oktoba, 2005. Watu wa Chuo Kikuu cha Stanford hawakujisumbua kuunda gari. Walichukua Volkswagen ya dizeli iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, wakaiita Stanley, na nguvu zao wakazitia katika programu za kompyuta na katika majaribio ya jangwani. Basi nanyi msione haya kutumia mota iliyofanya kazi vyema mwaka jana. Tafuteni lililo gumu hasa katika shindano lenu, mshughulike na hilo. Stanley ilimaliza maili 132 kwa saa 6 na dakika 54, ikashinda. Kati ya motokaa 23 zilizoshindana, 22 zilipita umbali wa Sandstorm wa mwaka uliotangulia.

Carnegie Mellon walipata nafasi ya pili na ya tatu. Motokaa yao H1ghlander ilikuwa mbele ya wote, kisha injini ikalegea njiani, wala mafundi wasijue sababu. Mwaka 2017 ndipo ilipogunduliwa: kichujio kidogo cha umeme, baina ya injini na kompyuta yake, kilikuwa kibovu. Kilipobonyezwa tu, injini ilidhoofika. Miaka 12 kilikuwa mumo humo ndani ya gari lao.