Kaunda Suti na Karatasi ya Fundi

Tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwatangazia wabunge kwamba kaunda suti haina nafasi ndani ya Bunge. Mwanamume avae koti, shati la kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Watu walicheka mitandaoni, maana Rais William Ruto mwenyewe mwaka ule alikuwa ameshaizoea kaunda suti kama sare. Wakatupiana picha, kesho yake wakahamia kwenye habari nyingine. Mimi nilibaki na swali la kifundi: hii nguo imekatwaje, hata miaka 60 baada ya uhuru bado inamsumbua Spika?

Historia ya mavazi yetu ya kiume huwa tunaisimulia kupitia wavaaji wakubwa. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, na leso yake nyeupe mkononi. Mwalimu Nyerere na ile suti ya kola ya kusimama ambayo Watanzania waliipa jina la Chou En-lai, waziri mkuu wa China aliyetutembelea Juni 1965. Mobutu na abacost yake, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti chini", vazi lililowaondolea wanaume wa Zaire tai shingoni mpaka 1990. Wavaaji tunawajua kwa majina. Walioshika mkasi hatuwajui.

Huko Marekani na Ulaya, mtu akitaka kujua suruali ya miaka ya 1930 ilikatwaje, ana pa kuanzia. Kuna pateni, yaani zile karatasi zenye umbo la kila kipande cha nguo, ambazo mshonaji huzilaza juu ya kitambaa, akazizungushia chaki, kisha akakata. Mwaka 1863 fundi cherehani Ebenezer Butterick wa mji wa Sterling, Massachusetts, alianza kuuza pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi. Za mwanzo zilikuwa za wanaume na wavulana. Magauni yalifuata baadaye, na ndiyo yaliyoikuza biashara. Karatasi zenyewe zilikuwa nyembamba, hazina maandishi. Matundu na vikato vya pembeni ndivyo vilivyomwonyesha mshonaji mfuko ukae wapi na kipande kipi kikutane na kipi.

Leo wapo wanaozisaka pateni hizo za zamani na kumpelekea fundi awashonee suruali ya kiuno cha juu au koti kama la babu zao. Si kazi ya kukata tu. Pakiti moja ilikuwa na saizi moja, na mwili uliochorwa pale ni wa mwanamume wa enzi ile. Fundi mwenye akili hushona kwanza ya majaribio kwa kitambaa rahisi kama marikani, akaivalisha, akairekebisha, ndipo akagusa kitambaa cha bei.

Hata hivyo, pateni za kiume ni chache ukilinganisha na za kike, na sababu yake imo ndani ya koti. Koti la suti ya Kiingereza haliishi kwenye karatasi. Kifuani, kati ya kitambaa na bitana, kuna tabaka gumu lililoshikizwa kwa mkono. Mabegani kuna pedi. Kola inavutwa na kupigwa pasi mpaka ikubali kulala shingoni. Mambo hayo mtu hujifunza kwa miaka kadhaa kando ya fundi mkuu. Kwa hiyo aliyeagiza suti ya namna hiyo Dar es Salaam au Nairobi ya mkoloni hakununua nguo tu. Alikuwa anaingia kwenye mfumo mzima wa kazi ambao kilele chake kilikuwa London.

Sasa ilaze kaunda suti juu ya meza. Mara nyingi mikono ni mifupi. Kola imelala wazi, haidai tai. Mifuko ni minne, miwili kifuani na miwili chini, yote ya kubandika. Nyingi hazina bitana wala pedi, kwa hiyo bega la nguo linafuata bega lako lilivyo. Kiufundi, hii ni ndugu wa shati kuliko wa koti. Ukoo wake haufichiki pia: inafanana sana na jaketi la kaki walilovaa maofisa wa kikoloni kwenye joto. Kumbe vazi la uhuru lina damu ya bwana shauri!

Lakini angalia kilichobadilika. Fundi wa barazani, mwenye cherehani moja ya miguu, aliweza kuikata na kuimaliza kwa tetroni ya dukani, mwalimu au karani akaivaa kazini asionekane pungufu. Tukisema kaunda suti ilikuwa siasa, tunafikiria hotuba na kukataa tai. Mimi nadhani siasa yake kubwa ilikuwa kwenye mkato. Iliufanya unadhifu wa mwanamume wa ofisini uwezekane kwa ufundi uliokuwepo mtaani.

Nguo hiyo haikuwa na usafi wa malaika, wala tusidanganyane. Dola iliyowafungulia wanaume shingo iliweza pia kuwapima miguu: Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969, ilipiga vita vimini vya wasichana pamoja na suruali za kubana za wavulana. Kule Zaire vazi la ukombozi likawa amri. Na kwa kizazi changu, kaunda suti ni mkuu wa wilaya, au yule bwana mkimya anayesimama nyuma ya kiongozi.

Mwaka juzi nilimpelekea fundi mmoja mzee, hapa Dar, kaunda suti ya marehemu babu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, anikatie nyingine kwa mtindo uleule. Aliitikia shikamoo yangu, akaigeuza nguo ndani nje, akakaa kimya muda mrefu.

"Aliyekata hii alimjua babu yako," akasema. "Bega la kushoto amelishusha. Ukiivaa wewe hivihivi itakutupa."

Sikuwahi kujua. Nyumbani nikatoa picha, na kweli, kwenye kila picha babu ameegemea upande. Familia nzima hatukuona, fundi wa miaka ya 1970 aliona akaandika kwa mkasi.

Mzee alinichorea pateni mpya kwenye gazeti kuukuu. Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia nyingine nyingi za magazeti na kaki, nikajikuta nasoma nusu ya kichwa cha habari kwenye kola ya mtu. Nikamuuliza zitakwenda wapi akistaafu.

"Nani atazitaka? Watafungia maandazi."

Hapo ndipo linaponiuma. Tangu mitumba ifurike miaka ya 1980, wateja wa kushonesha wamepungua, na vijana wanaorithi chumba cha fundi huwa hawarithi karatasi. Hotuba za viongozi tunazo, picha zao tunazo. Ila zile karatasi zinazoonyesha mwalimu, karani na dereva wa miaka ile walikuwa na mabega gani, walitaka mfuko wa kalamu ukae wapi, walijiachia nafasi kiasi gani kiunoni, hazihesabiwi kuwa maandishi.

Kama nyumbani kwenu kuna nguo ya aina hiyo, usiigawe kwanza. Ipeleke kwa fundi wa zamani angali yupo. Mwambie akutolee pateni bila kuifumua, ataweza. Kisha chukua kalamu, juu ya kila kipande andika jina la mvaaji, mwaka, mji, na jina la aliyeishona kama kuna anayelikumbuka. Ya babu nimeshaiandika. Pa jina la fundi nimepaacha wazi, na bado nawauliza wazee.