Mavazi ya mgeni katika inchi ya Waislamu

Mama mmoja wa Butembo, mwenye kufanya biashara ya vitenge, alituuliza kabla ya kwenda kununua mali Dubai: «Baba Padri, nikijifunika kichwa kule kwa Waislamu, sitakuwa nimekana ubatizo wangu?» Wako wengi mjini petu wanaosafiri hivyo, na makatekista wataulizwa vilevile. Basi, tutazame waliotutangulia.

Askofu Mkuu Lavigerie alifika Alger mwaka 1867. Mwaka uliofuata alianzisha shirika la Mapadri Weupe, akawaagiza waseme lugha ya watu wa inchi, wale chakula chao, wavae mavazi yao. Ndiyo asili ya kanzu ile nyeupe, joho lenye kofia, na chechia nyekundu. Lakini shingoni walivaa rozari. Wakristu wengi wa Bukavu waliiona kanzu ile bila kujua ya kuwa ni vazi la Waislamu wa Algeria. (Sisi wa Beni tulipata Mapadri wa Asumpsio mwaka 1929, hiyo ni habari nyingine.)

Charles de Foucauld alianza vibaya zaidi. Mwaka 1883, alipokuwa hana imani, aliingia Maroko akijifanya rabi wa Kiyahudi, maana Mkristu hakuweza kupita wazi katika sehemu nyingi za inchi ile. Vazi lake lilikuwa uwongo. Tusimhukumu sana, pengine angaliuawa. Lakini kule aliona Waislamu wakisali, na sala yao ikamtikisa moyo. Mwaka 1886 alimrudia Mungu. Mwaka 1901, akiwa padri, alifika Béni Abbès, si Beni yetu, bali ile ya jangwa la Algeria. Akavaa kanzu nyeupe kama ya wenyeji, ila kifuani alishona moyo mwekundu wenye msalaba. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Nguo ya kwanza ilificha mtu. Ya pili iliheshimu wenyeji bila kumficha. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza wanawake wajifunike kichwa kanisani. Namna gani kitambaa kile kile kiwe dhambi Dubai?

Tulimjibu mama avae nguo yenye kufunika mabega na magoti, aweke kitambaa mkobani kwa kuingia msikitini, na rozari asiiache nyumbani. Akiulizwa dini yake, aseme kweli. Akauliza tena juu ya suruali. Hapo tulimtuma kwa mama wenzake waliokwisha kufika kule.