Nchi Yote, Nchi Kavu

Ukifungua orodha ya viashiria vya maendeleo ya Benki ya Dunia utakuta mambo yanayopanda na kushuka kila mwaka: vifo vya watoto wachanga, kaya zenye umeme, deni la nje. Halafu utakuta safu ya eneo la nchi, na hapo tarakimu zimekaa kitako. Tanzania ina kilomita za mraba 947,300 mwaka nenda mwaka rudi. Kwa msemaji wa Kiswahili ajabu hii inaonekana mapema. Eneo limetokana na kuenea, maendeleo yametokana na kuendelea, na nchi yaweza kuenea sana isiendelee. Shelisheli haifiki kilomita za mraba 500, lakini pato lake kwa kila mtu ni miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Wakulima wa Unguja na Pemba nao hawakuhitaji kuelezwa jambo hili: ukubwa wa shamba la karafuu waliutaja kwa idadi ya mikarafuu, maana miti ndiyo iliyolipa.

Eneo limeingiaje basi kwenye orodha ile? Jibu tulifundishwa shule ya msingi, kwenye somo la sehemu: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Eneo ni asili. Juu yake huwekwa idadi ya watu, misitu, mashamba, urefu wa barabara. Hakuna waziri anayesimama bungeni kujivunia asili, ila ukiigusa kidogo tu, kila kilichowekwa juu yake kinabadilika. Ndiyo maana jina lake halitakiwi kuwa la kubahatisha.

Na majina yanahitajika mawili, kwa sababu vipimo ni viwili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ambalo takwimu zake ndizo zinazotumiwa na Benki ya Dunia, hutoa eneo pamoja na maziwa na mito iliyo ndani ya mipaka, na hutoa eneo ambalo maji hayo yameondolewa. Kipimo cha kwanza mfasiri mwenye haraka atakiita “eneo la uso wa nchi.” Sikubaliani naye. Uso ni wa pira na mche, ambako kila upande unapimwa. Nchi haipimwi hivyo. Mteremko wa Kilimanjaro hauhesabiwi kwa urefu anaoupanda mpagazi. Unahesabiwa kama ulivyolala kwenye ramani. Rwanda, pamoja na vilima vyake vyote, imeandikiwa kilomita za mraba 26,340 kana kwamba ni meza. Istilahi yenye neno uso inaahidi kitu ambacho takwimu haina. Mimi ningesema “eneo lote,” au “eneo la jumla” kwa wanaopenda maneno ya ofisini.

Hata hivyo jumla hiyo nayo ina mpaka wake, kwani ukanda wa kiuchumi wa baharini haumo. Ungekuwamo, Shelisheli ingekuwa na zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, nchi kubwa kuliko Tanzania.

Kipimo cha pili lugha ilikuwa imeshakitengenezea jina kabla ya FAO kuzaliwa. Mabaharia wetu waliita nchi kavu kila mahali wanapoweza kukanyaga baada ya kushuka chomboni. Ni istilahi safi, ingawa ina mzaha ndani yake: mikoko ya delta ya Rufiji na vinamasi vya Sudan Kusini vinahesabiwa humo, na anayepita pale atatoka na viatu vilivyolowa. Nakubali mzaha huo. “Eneo la ardhi” ninaliogopa zaidi, kwa kuwa ardhi kwetu ni jambo la hati, mirathi na kesi za baraza, na hata chini ya ziwa kuna ardhi.

Anayedhani huu ni ubishi wa wapenda maneno aitazame Uganda. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu takriban watu milioni 45.9. Eneo lote la nchi ni kilomita za mraba 241,550. Nchi kavu ni kama 200,500. Gawanya kwa la kwanza, upate watu 190 kwa kila kilomita ya mraba. Gawanya kwa la pili, upate karibu 229. Watu wale wale, sensa ile ile. Tofauti yote imezama katika Ziwa Victoria na ndugu zake, kama Kyoga na Albert. Tanzania nayo, kwa watu 61,741,120 wa sensa ya mwaka 2022, inapata 65 au 70. Benki ya Dunia hugawanya kwa nchi kavu, na ndivyo ipasavyo, maana ni nadra kukuta mtaa juu ya maji.

Nimesema tarakimu zimekaa kitako, si zote. Julai 9, 2011, Sudan Kusini ilipojitenga, Sudan iliacha kuwa nchi kubwa kuliko zote Afrika. Nafasi ile ikachukuliwa na Aljeria, yenye kilomita za mraba 2,381,741, ikifuatwa kwa karibu na Kongo ya Kinshasa yenye 2,344,858. Anayelinganisha Sudan ya 2005 na ya 2015 analinganisha sehemu mbili zenye asili tofauti chini ya jina moja. Na Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020 likameza nyumba na mashamba ya kandokando, eneo lote la nchi zinazolizunguka halikupungua hata chembe. Kilichopungua ni nchi kavu, nayo ndiyo waliyokuwa wakiishi watu.

Magazetini hali ni mbaya kuliko kwenye majedwali. Hekta na heka zinabadilishana viti katika habari moja, ilhali hekta moja ni karibu heka mbili na nusu. Kwa hiyo, mhariri, ikikufikia habari yenye “watu kwa kilomita ya mraba,” usiipitishe kabla hujamuuliza mwandishi amegawanya kwa eneo lote au kwa nchi kavu, na jibu lake ulichape.